Plagi inaungua, fyuzi iko kimya

*"Shikamoo mwalimu. Naishi Njombe. Nilinunua jiko la umeme la koili moja, mtumba, maandishi yake yamefutika kwa hiyo sijui ni la wati ngapi. Nalitumia kama saa tatu kwa siku na LUKU inaisha upesi sana siku hizi. Fundi alikuja na mita ya kubana waya. Alizima vitu vyote akaacha jiko peke yake, akapata ampea 5.8 kwenye meni swichi, na volti hapo hapo 219. Kwenye ekstensheni inayolisha jiko tulipata volti 221 kabla ya kuwasha na 205 likiwa limewaka. Kijana wangu wa Form Three alipima koili ikiwa ya baridi akapata omu 34. Sasa anakokotoa wati na kila kanuni inampa jibu lake: 230 mara 5.8 ni 1,334. 221 mara 5.8 ni 1,282. 230 kipeo cha pili gawa kwa 34 ni 1,556. Tena akapima balbu ya vifaranga iliyoandikwa wati 100 akapata omu 38, na kwa kanuni hiyo hiyo balbu inakuwa ya wati 1,392! Fundi anasema umeme wa huku ni mdogo, na umeme ukiwa mdogo kifaa huvuta ampea nyingi, ndiyo maana LUKU inaliwa. Ameshauri ninunue stebilaiza ya kusawazisha volti. Jirani anasema nibadilishe fyuzi niweke kubwa zaidi kwa sababu plagi ya ekstensheni inapata moto, mguu mmoja umekuwa wa kahawia na kuna harufu kidogo. Pia nikiwasha jiko, balbu ya vifaranga iliyoko kwenye ekstensheni hiyo hiyo inafifia. Nimsikilize nani?"*

Marahaba, mama. Kabla ya hesabu yoyote nakuomba jambo moja: ichomoe hiyo ekstensheni ukutani sasa hivi, na usiitumie tena kwa jiko. Balbu ya vifaranga itafutie soketi nyingine. Ukishafanya hivyo, kaa na kijana wako tuzisome hizi namba, kwa sababu mmenitumia kitu ambacho ni nadra kukipata: vipimo halisi, kila kimoja na mahali kilipopimwa. Ndani yake limo jibu la wati, jibu la LUKU, na jibu la ile plagi inayonuka. Hilo la mwisho umelitaja mwishoni kama jambo dogo. Mimi naliona ndilo kubwa kuliko yote, na tutalifikia kwa njia ya hesabu zenyewe.

Kwanza nimtoe kijana wasiwasi. Hakukosea kuzidisha wala kugawanya, na kanuni alizotumia ni sahihi zote. Kilichomponza ni kuoanisha namba zisizooana. Volti ni za mahali fulani na za wakati fulani. Ukichukua volti za mahali pengine, au za dakika kumi zilizopita, ukazizidisha na ampea za sasa, kikokotoo kitakupa jibu bila kulalamika, lakini jibu hilo halitakuwa la kifaa chochote kilichomo nyumbani mwako.

Tazama. Volti 230 ndizo umeme wa majumbani Tanzania uliopangiwa. Kenya wamepangiwa 240. Hayo ni makusudio, na kwenye soketi yako hakuna aliyezipima hizo 230. Volti 221 zimepimwa kweli, ila jiko lilikuwa limezimwa, na jiko lililozimwa halipitishi ampea hata moja. Omu 34 nazo zimepimwa kweli, lakini koili ilikuwa ya baridi. Vipimo viwili tu ndivyo vinavyohusu jiko likiwa kazini: volti 205 zilizolifikia, na ampea 5.8 zilizolipitia. Fundi alizipima ampea kwenye meni swichi na si jikoni, lakini hilo halina tatizo, kwa sababu alizima vitu vingine vyote. Mkondo uliopita pale ndio huo huo uliopita kwenye koili. Njia ilikuwa moja, na mkondo haupungui njiani.

Basi zidisha hizo mbili: 205 mara 5.8 ni wati 1,189. Hizo ndizo wati ambazo jiko lako lilikuwa linazigeuza kuwa joto pale lilipopimwa. Gawanya volti kwa ampea: 205 kwa 5.8 ni omu 35.3. Huo ndio ukinzani wa koili, yaani ugumu wake wa kupitisha umeme, ikiwa nyekundu. Sasa tunaweza kujua hata maandishi yaliyofutika. Mtengenezaji hukadiria jiko kwa volti rasmi, kwa hiyo hapa ndipo 230 inapopata kazi yake: 230 kipeo cha pili ni 52,900, gawa kwa 35.3, unapata karibu 1,500. Umenunua jiko la wati 1,500, na halijachakaa. Mchukulie kijana kalamu ya rangi isiyofutika, aandike chini ya jiko.

Huenda akauliza kwa nini koili ya baridi imetoa 34 na ya moto 35.3. Koili za majiko hutengenezwa kwa mchanganyiko wa nikeli na kromu, na sifa moja kubwa ya mchanganyiko huo ni kwamba ukinzani wake haubadiliki sana hata ukiwaka mwekundu. Unapanda kwa asilimia chache tu. Ndiyo maana kwa jiko, pasi au birika la umeme, kupima omu za baridi kunakupa makadirio mazuri ya wati.

Balbu ya vifaranga ni habari nyingine kabisa, na nampongeza kijana kwa kuipima, maana wengi hufundishwa kanuni bila kuonyeshwa mahali inapowapotosha. Uzi wa ndani ya balbu ni wa tangsteni, na balbu ikiwaka uzi huo unafika kwenye nyuzi joto karibu 2,500. Tangsteni si kama nikeli na kromu. Ukinzani wake hupanda sana kwa joto. Balbu ya wati 100 kwenye volti 230 ina omu 529 ikiwa imewaka: 52,900 gawa kwa 100. Ikiwa ya baridi ina omu 38, yaani imepungua kama mara kumi na nne. Kwa hiyo balbu haikudanganya, na kanuni pia haikudanganya. Zile wati 1,392 alizozikokotoa zipo kweli, ila zinadumu kwa kitambo kidogo sana, mara tu swichi inapobonyezwa na kabla uzi haujapata moto. Hapo balbu huvuta kama ampea 6, kisha inatulia kwenye chini ya nusu ampea. Umewahi kuona balbu inayoungua inapowashwa, si ikiwa tayari inawaka? Sababu ndiyo hiyo: mshindo wa mkondo wa mwanzo humaliza uzi uliokwisha kuwa mwembamba.

Georg Simon Ohm, mwalimu wa Kijerumani aliyetangaza uhusiano huu wa volti, ampea na omu mwaka 1827, alikumbana na jambo linalofanana na hili. Betri za zama zake zilikuwa zinayumba, volti zinashuka katikati ya kipimo, na namba zake hazikukaa sawa. Akaachana na betri. Akatumia metali mbili zilizounganishwa, kiungo kimoja kikiwa kwenye maji yanayochemka na kingine kwenye barafu, ili msukumo wa umeme usibadilike wakati anapima. Hapo ndipo uhusiano ulipojitokeza wazi. Namtaja ili kijana wako ajue kwamba majibu matatu yasiyolingana hayakumtokea yeye peke yake.

Sasa twende kwenye plagi.

Volti zifikirie kama posho ya safari. Mkondo unapotoka meni swichi una posho ya volti 219, na safari yake ni kwenda jikoni na kurudi. Kila mahali penye ukinzani hutoza kiasi fulani cha posho hiyo. Waya mzuri hutoza kidogo sana, koili hutoza karibu yote, na ukijumlisha safari nzima lazima zitimie 219. Jiko lilitumia 205. Volti 14 zimeishia njiani, kati ya meni swichi na jiko. Wakati huo huo ampea 5.8 zilikuwa zinapita. Zidisha: 14 mara 5.8 ni wati 81. Mama, kuna wati 81 za joto zinazozaliwa ndani ya nyumba yako mahali pasipopikwa chochote.

Je, ni waya tu? Tukadirie. Waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba moja una ukinzani wa omu 0.0172 hivi kwa kila mita. Chukua mita 15 za waya wa ukutani wa milimita mraba 2.5, kwenda na kurudi mita 30: unapata omu 0.2. Ongeza ekstensheni ya mita 10 yenye waya wa milimita mraba 0.75, kwenda na kurudi mita 20: omu 0.46. Jumla ni kama omu 0.67. Zidisha kwa ampea 5.8, unapata volti 4 kasoro. Urefu wa nyumba yako siujui, lakini hata nikikosea kwa mita kadhaa, waya wa shaba wenye afya ulipaswa kutoza volti nne, tano. Zako zimetoza 14. Kuna kama volti 10 zisizoelezeka kwa waya, na volti 10 mara ampea 5.8 ni wati 58.

Wewe mwenyewe umenionyesha zilipo: mguu wa plagi uliokuwa wa kahawia. Ule mguu hauishiki vizuri soketi, au skurubu ya ndani imelegea, au vyote viwili. Pale metali inapogusana na metali kwa nukta ndogo badala ya uso mzima, mkondo wote unalazimika kupenya kwenye nukta hiyo, na hapo ndipo ukinzani unapozaliwa. Chuma cha kulehemu risasi anachotumia fundi redio huwa na wati 40 hadi 60. Ndicho kitu ulichonacho ndani ya plagi, kimefungiwa kwenye plastiki, kinawaka kila unapochemsha maharage. Na maharage kwa mwinuko wa Njombe hayaivi haraka: maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hiyo jiko linakaa limewaka muda mrefu kuliko ambavyo lingekaa Dar es Salaam.

Ubaya wa kiungo kilicholegea ni kwamba kinajilisha chenyewe. Joto linalegeza chuma cha ndani ya soketi kinachobana mguu wa plagi, na metali inaota kutu nyembamba isiyopitisha umeme vizuri. Ukinzani unapanda, joto nalo linaongezeka. Leo ni kahawia na harufu kidogo. Haitarudi nyuma yenyewe.

Hapa ndipo naomba jirani yako anisikilize, kwa sababu ushauri wake ni wa hatari ingawa ameutoa kwa nia njema. Fyuzi na breka huhesabu ampea, na havijui joto la plagi. Kiungo kibovu ni ukinzani ulioongezwa kwenye njia, na ukinzani ukiongezeka mkondo unapungua. Fyuzi ya ampea 13 inayoona ampea 5.8 inaona mambo shwari kabisa. Kama kiungo kingezidi kuharibika mkondo ungeshuka hadi 5.5 au 5, na fyuzi ingeona mambo shwari zaidi, huku plastiki inayeyuka sentimita chache kutoka hapo. Hivi ndivyo nyumba inavyoungua na breka ikakutwa haijaanguka, watu wakabaki wanashangaa. Kuweka fyuzi kubwa, au lile balaa la kufunga kipande cha waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi, hakupunguzi joto hata nusu wati. Kunachofanya ni kuondoa ulinzi uliobaki: siku waya mbili zikigusana na shoti ikatokea, kitu cha kwanza kukatika kitakuwa waya wa ekstensheni wenyewe, sakafuni, ukiwa unawaka.

Kufifia kwa balbu ya vifaranga nako ni ushahidi ule ule. Balbu iko kwenye ekstensheni hiyo, imekaa baada ya kiungo kibovu. Jiko likiwaka, volti zinadondoka kutoka 221 hadi 205, na balbu inakuonyesha kwa macho. Kama taa za vyumba vingine hazififii, tatizo si la TANESCO. Na namba za fundi zinasema hivyo hivyo: meni swichi ilikuwa na 219 jiko likiwa linawaka, imeshuka volti mbili tu. Umeme unaoingia kwako si mdogo kiasi cha kulaumiwa.

Kuhusu maneno ya fundi, simkatai moja kwa moja, maana amesema ukweli wa kifaa kingine. Kompresa ya friji au pampu ya maji ikipata volti ndogo mno huhangaika kuzunguka na huvuta ampea nyingi, na inaweza kuungua. Televisheni na chaja za kisasa hujirekebisha zipate wati zile zile, kwa hiyo volti zikishuka ampea hupanda kidogo. Jiko la koili halina akili hiyo. Ni omu 35 tu zilizonyooka. Volti zikipungua, ampea zinapungua pia, na wati zinapungua mara mbili, kwa sababu kila upande wa kuzidisha umepungua. Kutoka 230 hadi 205 volti zimeshuka asilimia 11 hivi, lakini wati zimeshuka asilimia 21: kutoka 1,500 hadi 1,189. Unachokiona jikoni ni chungu kinachochelewa kuchemka. Na kinachochelewa kinapoteza joto hewani muda wote huo, kwa hiyo uniti za chungu kimoja huongezeka kidogo. Kidogo tu.

Tena mita ya LUKU haihesabu ampea peke yake. Inahesabu wati kwa muda: uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Kwa mita yako, jiko likiwaka ni volti 219 mara ampea 5.8, yaani wati 1,270. Jiko linapata 1,189, njia inakula 81, na wewe unalipia zote. Saa tatu kwa siku ni uniti 3.8. Siku thelathini ni uniti 114.

Basi hiyo ndiyo habari ya LUKU. Kundi la matumizi madogo la TANESCO mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi, na ukivuka hapo uniti unazoongeza zinanunuliwa kwa bei kubwa zaidi. Jiko hili peke yake, kabla hujawasha hata taa, limekuvusha. Kama zamani ulikuwa ndani ya kundi hilo, umepata mapigo mawili kwa pamoja: uniti zimeongezeka, na zile zinazozidi unazinunua kwa bei kubwa zaidi. Kiungo kibovu kina mchango wake, lakini kwa upande wa fedha ni mdogo: wati 81 kwa saa 90 ni kama uniti 7 kwa mwezi. Sikwambii urekebishe plagi ili uokoe LUKU. Nakwambia urekebishe kwa sababu ya moto. Kama LUKU ndiyo inayokuumiza zaidi, dawa iko kwenye kuloweka maharage tangu jana yake na kufunika chungu, au kupika ya kutwa mbili kwa mara moja.

Stebilaiza usinunue, angalau si kwa jiko hili. Hii ni fedha nyingi, na kwa hali yako ingezidisha hatari. Fikiria: stebilaiza inapandisha volti za jiko hadi 230, jiko linatoa wati zake 1,500 kamili. Lakini wati hizo stebilaiza haiziumbi, inazivuta kutoka upande wa nyuma yake, kupitia kiungo kile kile. Nimekokotoa: mkondo kwenye plagi ungepanda hadi karibu ampea 7.5, na joto la njiani, ambalo hufuata mkondo kipeo cha pili, lingetoka wati 81 hadi zaidi ya 130. Chakula kingeiva haraka na plagi ingeungua haraka.

Nini kifanyike? Rahisi kuliko yote, kama waya wa jiko unafika, ni kuchomeka jiko moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani bila ekstensheni. Lakini si ile soketi iliyokuwa imeshika plagi ya kahawia. Hiyo nayo imeungua kwa ndani, chemchemi yake imelegea, na ukiichomeka plagi mpya ndani yake utaiharibu ile mpya ndani ya wiki chache. Hili watu hulisahau sana: wananunua plagi mpya, wanairudisha kwenye soketi ile ile, kisha wanalaumu plagi za siku hizi. Plagi na soketi vibadilishwe pamoja, na fundi akate kipande cha waya kilichobadilika rangi hadi afikie shaba inayong'aa.

Ekstensheni ikiwa haiepukiki, nunua yenye waya wa milimita mraba 1.5 kwa uchache, fupi kadiri inavyowezekana, na iwe imekunjuliwa yote, kwa sababu waya uliozungushwa rundo unashindwa kutoa joto lake. Usiamini maandishi peke yake. Ishike mkononi: waya mzito wa shaba una uzito, na ule wa bei ya chini sana mara nyingi ni plastiki nene iliyofunika nyuzi chache. Kama una mpango wa kuongeza koili ya pili au oveni, usiongeze kwenye ekstensheni yoyote. Mwambie fundi akuvutie laini ya jiko peke yake kutoka kwenye breka yake. Gharama yake ni kubwa kidogo mwanzoni, na kama nyumba ni yako mimi ningeifanya. Kama ni ya kupanga, zungumza na mwenye nyumba ukiwa na hiyo plagi mkononi. Rangi yake itakusaidia kueleza.

Sasa kijana. Nafurahi anapenda kupima, na nataka aendelee kupima akiwa mzima. Omu zinapimwa kifaa kikiwa kimechomolewa ukutani, daima. Maltimita ikiwa imewekwa kwenye omu au kwenye ampea isiguse soketi yenye umeme kamwe: kwenye ampea, mita yenyewe inakuwa kama kipande cha waya, na unatengeneza shoti ukiwa umeishika mkononi. Mita ya kubana inabana waya mmoja tu. Ukibana kamba nzima yenye kwenda na kurudi utasoma sifuri, kwa sababu mikondo miwili inafutana. Na kufungua boksi la meni swichi ili kubana waya mmoja ni kazi ya fundi, si ya mwanafunzi.

Kuna njia ya kupima wati isiyohitaji kugusa waya wowote, na hiyo ni yake kabisa. Kwenye uso wa mita ya LUKU kuna kitaa kinachomweka, na kando yake imeandikwa kinamweka mara ngapi kwa uniti moja. Tuseme imeandikwa 1000. Azime kila kitu, awashe jiko peke yake, ahesabu mimweko kwa dakika moja. Kwa wati 1,270 atapata 21. Zidisha mimweko ya dakika kwa 60, gawa kwa namba iliyoandikwa, na hizo ni kilowati. Kwa njia hii anaweza kuijua pasi, birika, na chochote kingine kilichofutika maandishi.

Fundi wa kuja kubadilisha soketi awe na leseni. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ndiyo inayotoa leseni za mafundi wa ufungaji umeme, na si utovu wa adabu kumwomba akuonyeshe. Mwite haraka, usisubiri mwisho wa mwezi, kama hata soketi ya ukutani isiyo na ekstensheni inapata moto, kama unasikia sauti ndogo ya mchakacho ukutani, au kama ukigusa bati la jiko unahisi kama sisimizi mkononi. Hicho kisisimizi maana yake jiko linavujisha umeme na waya wa ardhi haufanyi kazi, na jikoni ambako sakafu inalowa kinaweza kuua. Kama siku moja utaona taa zote za nyumba zinafifia kwa pamoja jiko likiwaka, au baadhi zinang'aa kupita kiasi wakati nyingine zinafifia, zima meni swichi na piga simu TANESCO. Hapo huenda tatizo liko kabla ya mita, na lakiri ya mita asiivunje mtu mwingine.

Fundi akimaliza, mwombe apime tena pale pale na kwa namna ile ile: jiko peke yake, limewaka, volti jikoni na volti meni swichi. Kama meni swichi bado ni 219, jikoni natarajia zaidi ya volti 215, ampea kama 6.1, na kijana ahesabu mimweko 22 kwa dakika badala ya 21. Pengo kati ya meni swichi na jiko likizidi volti tano bado kuna kiungo kimebaki, fundi asiondoke. Nusu saa baadaye chomoa plagi na ushike miguu yake kwa vidole: iwe vuguvugu tu. Kisha niandikieni namba mlizopata.